Mwanasesere wa Haydom na Swali la Nani Aseme Kwanza

Mwanasesere wa Haydom hujazwa maji ili apate uzito wa mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Ana vipira vidogo vilivyounganishwa kwa mirija: mkufunzi akiminya kimoja, kifua kinapanda, akiminya kingine, kitovu kinadunda, akiminya cha tatu, mtoto analia. Mkufunzi akituliza mikono, mtoto hapumui, na mkunga aliye mbele yake ana dakika moja tu ya kumkausha, kumsugua mgongo, kumsafisha njia ya hewa ikibidi, na kuanza kumpulizia kwa ambu, yaani mfuko wa kusukumia hewa mapafuni. Anayeshika ambu hawezi wakati huohuo kusikiliza mapigo ya moyo, kumtuliza mama na kumwita daktari. Anahitaji mtu wa pili, na huyo wa pili anatakiwa ajue kazi yake kabla hajaambiwa.

Mwaka 2010 wahudumu wa Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, walipewa kozi ya siku moja ya mafunzo haya ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua, yaliyobuniwa chini ya uongozi wa Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani. Walipopimwa tena miezi kadhaa baadaye mbele ya mwanasesere, walifanya vizuri kuliko kabla ya kozi. Watafiti waliokuwa wakifuatilia uzazi halisi hospitalini hapo wakakuta jambo la kukatisha tamaa: leba, kwa watoto wa kweli, huduma haikuwa imebadilika. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013 bila kupambwa.

Kumbe tangu Februari 2011 Haydom ilikuwa imeshabadili mtindo. Badala ya siku nzima darasani, yalikuja mazoezi ya dakika tatu hadi tano kila wiki, palepale kwenye chumba cha kujifungulia, pamoja na kipindi cha dakika 40 kila mwezi. Waliosimamia walikuwa watu wa hospitali ileile. Vifo vya watoto wachanga ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000, na ripoti yake ikatoka mwaka 2015.

Ujuzi wa mkono ulikuwepo tangu kozi ya kwanza. Mwanasesere ni shahidi. Kilichoongezeka ni marudio, na kwa hoja ya makala haya, kilichobadilika zaidi ni mahali pa kujifunzia na watu wa kujifunza nao. Mkunga alifanya zoezi kwenye meza ileile atakayomlaza mtoto usiku, akiwa na wenzake wa zamu walewale. Haiwezekani kutenga sehemu ya mafanikio hayo na kusema hii ni ya mazoea ya mkono na hii ni ya ushirikiano. Lakini Haydom inafungua swali ambalo vyuo vya ufundi, hospitali, viwanja vya ndege na mashamba vimekuwa vikilijibu kila kimoja kwa njia yake: mkufunzi anafanya nini hasa hadi watu waliokuja kujifunza kazi, kila mmoja na lake, wawe kikosi?

Jibu la haraka, ambalo wengi hulitoa, ni somo la ushirikiano. Linawekwa kwenye ratiba, linapewa saa mbili, na mara nyingi linaangukia baada ya chakula cha mchana.

Yeyote aliyewahi kuajiriwa anaijua semina ya namna hiyo. Kila mshiriki anasimama kutaja jina, anakotoka na matarajio yake. Anachaguliwa mwenyekiti, mtunza muda na mtu wa kuchangamsha darasa. Kanuni zinaandikwa kwenye bango kitita: simu zizimwe, tuheshimiane. Makundi yanahesabiwa moja hadi nne, kazi inawasilishwa, makofi yanapigwa, picha ya pamoja inapigwa mbele ya ukumbi wa hoteli, posho inasainiwa. Si haki kuibeza yote, maana watu hucheka, hufahamiana, na kundi la WhatsApp huendelea miezi baadaye kwa salamu za sikukuu na matangazo ya misiba. Ni umoja wa kweli. Kasoro yake ni kwamba ni umoja wa watu ambao Jumatatu hawatafanya kazi pamoja. Kila kituo kilileta mtu mmoja, pengine kwa sababu zamu ya posho ilikuwa yake, na huyo mmoja anarudi peke yake katikati ya wenzake kumi ambao hawakuwepo. Akisema "tulifundishwa tufanye hivi", hiyo "tu" haiwahusu wao.

Sekta ya usafiri wa anga ililipa ada kubwa zaidi kujifunza somo hili. Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, ndege ya KLM ilianza kuondoka ikiwa ndani ya ukungu huku ndege ya Pan Am ikiwa bado kwenye njia hiyohiyo ya kurukia. Watu 583 walikufa. Rubani wa KLM alikuwa Jacob van Zanten, na cheo chake ndicho kinachostahili kuangaliwa: alikuwa mkuu wa mafunzo ya marubani wa Boeing 747 katika kampuni hiyo. Muda mfupi kabla ya kugongana, mhandisi wa ndege aliuliza kama Pan Am imekwisha kuondoka njiani. Rubani alimjibu kwa uhakika kwamba imetoka, na hakuna aliyeendelea kubisha. Nani atabishana na mwalimu wa walimu?

Miaka miwili baadaye shirika la anga za juu la Marekani, NASA, liliitisha warsha kuhusu ajali ambazo chanzo chake ni jinsi watu wanavyosemeshana ndani ya chumba cha marubani. Mwaka 1981 kampuni ya United Airlines ikaanzisha mafunzo rasmi ya kikosi kizima cha ndege. Mwanzoni marubani wengi waliyadharau. Yalifanana na semina za kisaikolojia za mameneja, na wakongwe waliyaita shule ya tabia njema. Yalikubalika yalipohamia kwenye simuleta: rubani, msaidizi wake na mhandisi wanaingia pamoja, wanapewa safari kamili yenye hitilafu, hakuna anayewakatiza, kisha wanakaa kuzungumzia walichofanya. Mkufunzi wa simuleta hafundishi ushirikiano kwa maneno. Anapanga hitilafu ambayo mtu mmoja hawezi kuimaliza, na mengine anawaachia wao.

Tarehe 19 Julai 1989 ndege ya United namba 232 ilipoteza mifumo yote ya haidroliki ikiwa angani, hali ambayo hakuna kitabu cha marubani kilichoieleza. Kapteni Al Haynes hakujaribu kuwa shujaa wa peke yake. Miongoni mwa abiria alikuwepo Dennis Fitch, mkufunzi wa marubani wa aina hiyohiyo ya ndege katika kampuni hiyohiyo. Alipojitolea, kapteni alimkaribisha mbele na kumwachia kazi ya kuongoza ndege kwa kuongeza na kupunguza nguvu za injini. Ndege ilianguka ikitua Sioux City, lakini kati ya watu 296 waliokuwemo, 184 walipona. Haynes alitumia miaka yake iliyofuata kueleza kwamba mafunzo yale ya kikosi ndiyo yaliyowawezesha.

Wakufunzi wawili, basi. Mmoja ukubwa wake uliwafunga wenzake midomo, mwingine alijiweka chini ya amri ya kapteni akashika kazi aliyopewa.

Hospitali zilichukua somo hilo la anga, na Tanzania imo katika hadithi tangu mwanzo. Shirika la Afya Duniani lilipojaribu orodha yake ya usalama wa upasuaji mwaka 2007 na 2008, miji minane ilichaguliwa: Toronto, London, Seattle, Auckland, Amman, New Delhi, Manila na Ifakara. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara, Morogoro, ilikuwa kwenye meza moja na hospitali kubwa za dunia. Orodha yenyewe ni karatasi moja. Kabla kisu hakijagusa ngozi, kila aliyemo chumbani anataja jina lake na kazi yake, kisha wote wanathibitisha mgonjwa ni nani na anapasuliwa wapi. Kwa jumla ya hospitali zote nane, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7.

Kutaja jina kunaonekana jambo dogo hadi mtu aifikirie thieta ya kwetu, ambamo daktari bingwa huitwa "Dokta" tu, muuguzi "Sista", na kijana wa dawa ya usingizi aliyehamia wiki iliyopita haitwi chochote. Aliyekwisha kusema jina lake mbele ya wote ameshafungua kinywa mara moja. Mara ya pili ni rahisi zaidi, hata kama anachotaka kusema ni kwamba damu haijafika.

Matokeo yale yaliwavutia watawala kwa namna yao. Jimbo la Ontario, Canada, lilizitaka hospitali zote zitumie orodha. Mwaka 2014 watafiti walichapisha hesabu za hospitali 101 za jimbo hilo: vifo havikupungua kwa kiwango cha maana. Karatasi ilikuwa ileile. Hospitali za maveterani wa Marekani zilifuata njia nyingine, ambayo matokeo yake yalitoka mwaka 2010. Huko wakufunzi walifanya maandalizi ya miezi miwili na kila hospitali, kisha thieta ikafungwa siku nzima ili daktari, muuguzi na mtoa dawa ya usingizi wakae darasa moja, na baada ya hapo ukafuata mwaka mzima wa kuulizwa maendeleo kwa simu. Katika hospitali 74 zilizopitia mafunzo hayo vifo vya wagonjwa wa upasuaji vilipungua kwa asilimia 18. Katika 34 ambazo zamu yao haikuwa imefika, kwa asilimia 7.

Kufunga thieta siku nzima ni gharama ambayo mkurugenzi yeyote wa hospitali ataipinga. Pengine ndiyo maana inafanya kazi: watumishi wanaona kwa macho yao kwamba safari hii jambo si la kusainiwa tu.

Kenya iligusa swali hilohilo kwa njia ya utafiti uliochapishwa mwaka 2011, ulioongozwa na watafiti wa mpango wa pamoja wa taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, na mfuko wa Wellcome wa Uingereza, katika hospitali nane za wilaya. Hospitali zote zilipata miongozo ya kutibu watoto. Nne zilipewa mafunzo mafupi ya siku moja na nusu na taarifa za maandishi. Nne nyingine zilipata mafunzo ya siku tano na ushee, usimamizi, mrejesho wa ana kwa ana, na mwezeshaji anayekaa hospitalini hapo, ambaye ni muuguzi au tabibu wa stashahada aliyepewa jukumu la kuwakumbusha, kuwauliza na kuwasikiliza wenzake siku hadi siku. Baada ya miezi 18, hospitali zenye mwezeshaji zilikuwa mbele kwa vipimo vingi vya huduma. Huyo mwezeshaji hakuwa bingwa kutoka Nairobi. Alikuwa mwenzao anayejua nani hapatani na nani, nani hufika zamu akiwa amechoka, na daktari yupi aambiwe faraghani badala ya mbele ya wanafunzi. Maarifa ya aina hii hayamo kwenye kitabu cha mkufunzi yeyote, na bila hayo hakuna kikosi.

Afrika Mashariki haikuanza leo kazi hii. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, na kiasi cha watu milioni mbili walikutana katika vikundi vijijini, wakisikiliza kipindi cha redio, wakisoma kijitabu, wakijadili malaria au kichocho, kisha wakikata shauri la kufanya jambo moja: kuchimba choo, kufukia madimbwi, kuchemsha maji. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walitayarishwa kwa ngazi, kuanzia taifa hadi tarafa. Wengi hawakuwa walimu. Walifundishwa kutohutubia: kazi yao ilikuwa kuuliza, kumpa nafasi aliyekaa kimya, na kuhakikisha kikao hakiishi bila uamuzi. Kikundi kilijiona ni kikundi kwa sababu kesho yake kulikuwa na shimo la kuchimba, na jembe si la mtu mmoja.

Shamba darasa lina mantiki hiyohiyo, na kwa maoni ya mwandishi huyu ndilo mfano safi kuliko yote. Njia hii ilianzia kwenye mpunga wa Indonesia mwaka 1989, ikaingia Kenya miaka ya 1990 na baadaye Uganda na Tanzania. Wakulima 20 hadi 30 hukutana kila wiki shambani tangu kupanda hadi kuvuna. Wanagawanyika katika vikundi vidogo, wanaingia mistarini, wanahesabu wadudu, wanang'oa mche mmoja kuangalia mizizi. Halafu wanakaa chini ya mti na karatasi ya manila: mmea unachorwa katikati, wadudu waharibifu upande mmoja, wadudu marafiki upande mwingine, hali ya hewa juu. Kila kikundi kinasimama kueleza kwa nini kinapendekeza kunyunyiza dawa au kusubiri. Mkulima akimletea mwezeshaji mdudu na kuuliza ni nani huyu, mwezeshaji aliyefunzwa vizuri hajibu. Anauliza: umemkuta wapi? Alikuwa anafanya nini? Mwenzako amemwona?

Kunyamaza huko ni kazi ngumu kwa mtu aliyesomea diploma ya kilimo na anajua jina la mdudu huyo kwa Kilatini. Lakini jibu likitoka kwake, wakulima 25 wanabaki kuwa wanafunzi 25 wa bwana shamba mmoja. Likitoka kwao, wamepata sababu ya kuhitajiana hata siku ambayo pikipiki ya bwana shamba haina mafuta.

Kinachobaki, nacho ndicho kigumu kuliko vyote, ni kosa. Miaka ya 1990 Amy Edmondson, ambaye baadaye alijulikana sana kwa utafiti wake wa Chuo Kikuu cha Harvard, alichunguza makosa ya utoaji dawa katika wodi za hospitali za Marekani akitegemea kukuta kwamba timu nzuri zinakosea kidogo. Takwimu zilionyesha kinyume: timu nzuri ziliripoti makosa mengi zaidi. Maelezo aliyofikia ni kwamba huko watu hawakuogopa kusema. Penye hofu, makosa hayakupungua; yalifichwa.

Katika jamii zinazotunza heshima ya umri na cheo, mkufunzi hawezi kuondoa hofu hiyo kwa kutangaza kwamba "hapa sote ni sawa". Si sawa, na wanafunzi wanajua. Mkunga wa miaka 24 aliyemwamkia mkuu wa wodi shikamoo asubuhi hatamwambia adhuhuri kwamba ameshika ambu vibaya. Wakufunzi wenye uzoefu hutumia mbinu nyingine. Mmoja humwanzisha mkuu wa wodi mwenyewe kwenye mwanasesere, mbele ya wote, na mkuu akishapitiwa na dakika moja mtoto hajapumua, anaulizwa kwa adabu: "Mama, ungependa kurudia kipi?" Akijibu kwa moyo mweupe, darasa zima limeruhusiwa kukosea. Mwingine hulifanya kosa kuwa la utaratibu: baada ya zoezi anauliza kikosi kilifanya nini, wala hamuulizi fulani amefanya nini. Na anamwanza aliye chini kwa cheo, kwa sababu mkubwa akishatoa maoni, wadogo watayarudia tu kwa maneno mengine.

Heshima haivunjwi hapo. Inapewa kazi.

Umoja nao una upande wake mbaya, na mkufunzi asiyeuona anaweza kutengeneza genge. Darasa lililoshikamana sana hulindana kwenye mtihani, hufunika uzembe wa mwenzao, humtenga anayejiunga muhula wa pili. Wodi iliyozoeana humwona mgeni kama mpelelezi. Vyuo vinavyowafundisha wauguzi peke yao na matabibu peke yao hujenga fahari ya taaluma kwa kila upande, kisha hushangaa pande hizo zinapogombana kazini. Na mfumo wa tathmini unavuta kinyume: cheti kina jina moja, alama ni za mtu mmoja, hivyo mwanafunzi mwerevu hujifunza mapema kwamba kumsaidia jirani hakulipi. Mkufunzi wa ufundi magari anayeweka alama kwa injini iliyowaka, wala si kwa mtu aliyeikaza, anapambana na mfumo mzima kwa mkono wake.

Halafu kuna uhamisho. Kikosi kilichojengwa kwa miezi kinaweza kuvunjwa na barua moja ya mkurugenzi, na hakuna mafunzo yanayozuia hilo. Mazoezi mafupi ya kila wiki yana faida hapa ambayo semina haina: mgeni anayefika Jumatatu anaingia kwenye zoezi la wiki hiyohiyo, na ndani ya wiki chache ameshasimama upande wa pili wa meza na kila mmoja wa wenzake.

Mtindo ulioanzia Haydom umeshatoka nje ya Haydom. Kati ya mwaka 2021 na 2023, hospitali na vituo vya afya 30 katika mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza viliingia katika mpango wa uzazi salama uliojumuisha mazoezi ya mara kwa mara palepale kazini, vifaa vipya na matumizi ya takwimu za kituo chenyewe. Ripoti iliyotoka mwaka 2025, ikihusu akina mama zaidi ya 280,000, ilionyesha vifo vya watoto vinavyotokea karibu na kuzaliwa vikishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila uzazi 1,000. Tofauti kati ya mkoa na mkoa zilikuwa kubwa, ingawa wote walipata mwanasesere yuleyule na mwongozo uleule.

Wanaopanga bajeti za halmashauri wana kazi ya kuitafakari tofauti hiyo. Semina ya siku tatu ina kifungu chake: ukumbi, chakula, nauli, posho ya kujikimu. Dakika tano za kila wiki kwenye meza ya leba hazina kifungu, na muuguzi anayezisimamia huzifanya juu ya zamu yake ya kawaida, wodi ikiwa imejaa. Mahali ambapo mganga mfawidhi amempunguzia zamu moja, mazoezi yana nafasi ya kuendelea. Mahali ambapo muuguzi huyo ameambiwa tu kwamba anaaminiwa, ataendelea mpaka atakapochoka au atakapohamishwa.